Trela nne, fundi mmoja, na ile 3.2 isiyobadilika

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi namfanyia hesabu mjomba wangu, ana trela nne zinazobeba kontena kutoka bandari ya Kilindini hadi yadi za Changamwe na Miritini. Kwa wastani trela hufanya kazi siku 20 kabla haijaharibika, na fundi wetu huimaliza kwa siku 5. Mjomba ataka kujua kama aajiri fundi wa pili. Nimeunda modeli kwa ile programu ya visanduku na mabomba tuliyofundishwa chuoni, kila hatua ni robo siku. Yanipa trela 3.2 barabarani na 0.8 gereji, mstari umenyooka mwaka mzima, na nikiongeza fundi wa pili hakibadiliki kitu. Nikaiamuru ikadirie hadi nambari nzima, trela zikawa haziharibiki kabisa! Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimezipitia hesabu zako na kila mlinganyo uko mahali pake. Shida ni kwamba umechukua chombo kilichoundwa kwa vitu vingi sana, ukakitumia kwa vitu vinne. Nakwambia mapema ili usimpe mjomba jibu leo jioni: kwa takwimu hizo ulizonipa, fundi wa pili ana kazi kubwa. Programu yako haikumwona kwa sababu katika dunia yake, trela mbili hazijawahi kukutana gereji hata siku moja.

Tuanze na hilo la programu yenyewe. Modeli za visanduku na mabomba zilianzishwa na Jay Forrester katika chuo cha MIT, Marekani, kuanzia 1956, akichunguza viwanda: maagizo, bidhaa ghalani, wafanyakazi kwa mamia. Ndani yake kila kitu ni kama maji kwenye tangi. Maji yaweza kuwa lita 3.2, yaweza kuvuja tone tone bila kukoma, na hakuna tone lenye jina. Kwa hiyo trela zako nazo zinavuja. Kila robo siku, asilimia 1.25 ya trela zilizo barabarani hudondoka gereji, hata saa ambayo madereva wote wanne wako Kibarani wanatembea bila tatizo. Na gereji nayo hurudisha vipande vya trela kwa mwendo wake. Baada ya muda mfupi kinachoingia na kinachotoka vinalingana, mstari unanyooka, nawe unasoma 3.2.

Ile 3.2 si uongo. Trela inayofanya kazi siku 20 na kulala 5 iko barabarani 20 kwa 25, yaani asilimia 80 ya muda wake, na asilimia 80 ya nne ni 3.2. Kama kila trela ingekuwa na fundi wake, huo ndio wastani hasa ungeupata ukihesabu siku zote za mwaka. Lakini mjomba hapangi kazi kwa wastani. Asubuhi wakala anampigia simu kwamba kontena tatu zimetolewa bandarini, naye anatazama uani: ziko nne, au tatu, au mbili. Kwa fundi wa kila trela, zote nne zingekuwa sawa asilimia 41 ya siku, tatu asilimia 41 nyingine, mbili asilimia 15, moja asilimia 2.6, na siku chache mno isibaki hata moja. Mstari wako ulionyooka umeficha habari yote hiyo.

Hapo bado tunazungumzia hali ya mafundi wengi. Sasa tazama kinachotokea fundi akiwa mmoja, kwa sababu hapa modeli yako haifichi tu, inapotosha.

Uliandika, na ukaandika vyema, kwamba kasi ya matengenezo haiwezi kuzidi uwezo wa fundi mmoja: trela moja kwa siku 5, basi. Kanuni hiyo huanza kufanya kazi pale gereji inapokuwa na zaidi ya trela moja. Lakini kisanduku chako cha gereji kimetulia kwenye 0.8. Hakijafika 1. Kwa macho ya programu, fundi hajazidiwa hata mara moja, foleni haipo, na fundi wa pili angekaa akinywa chai. Ndiyo sababu ulipomwongeza hakuna kilichobadilika. Gereji halisi haina trela 0.8. Kuna siku haina kitu, kuna siku ina moja, na kuna siku ina mbili au tatu, moja iko mikononi mwa fundi na nyingine zinangoja. Foleni yote imo katika siku hizo za mwisho, na wastani unazifuta kwa kuzichanganya na siku ambazo gereji ni tupu.

Tatizo hili la mashine chache na fundi mmoja ni la zamani na lina jibu kamili la karatasi, kwa hiyo sina haja ya kukukisia. Kwa takwimu zako, fundi akiwa mmoja, wastani wa trela barabarani ni 2.76, si 3.2. Trela zinakuwa pungufu ya tatu asilimia 38 ya muda, yaani siku kama 138 kwa mwaka. Zinabaki moja au haibaki hata moja kwa siku kama 53. Ukiongeza fundi wa pili, wastani unapanda hadi 3.16, siku za pungufu ya tatu zinashuka hadi kama 71, na zile siku mbaya kabisa zinatoka 53 hadi 15 au 16. Hilo ndilo swali la mjomba, na modeli ya maji ilimjibu kwamba tofauti ni sifuri.

Sasa lile la kukadiria hadi nambari nzima. Wengi hulikimbilia, na naomba uliache moja kwa moja. Trela nne zikiharibika kila moja kwa siku 20, kwa siku moja tunategemea 0.2 ya trela, na kwa hatua yako ya robo siku ni 0.05. Ukiikadiria 0.05 inakuwa 0. Hatua inayofuata tena 0.05, tena 0. Unaweza kuiendesha miaka mia, hakuna trela itakayopata hata pancha. Ukiiamuru ikadirie maharibiko peke yake kwenda juu, kila robo siku trela moja inakufa, na kufikia jioni ya siku ya kwanza zote nne ziko gereji. Kupunguza hatua ya muda kunazidisha ubaya. Na ukikadiria tu kile kinachoonyeshwa kwenye grafu, 3.2 ikasomeka 3, umebadilisha rangi ya ukuta na nyufa umeziacha.

Desimali ile 0.05 usiitupe, maana ina kazi. Ibadilishe maana tu: badala ya kuwa kipande cha trela, iwe uwezekano. Trela nzima ama imeharibika ama haijaharibika, na kinachogawanyika ni nafasi ya jambo hilo kutokea.

Kwa vitendo, ondoa kisanduku kimoja chenye 4, weka trela nne, kila moja na hali yake: iko barabarani, inangoja fundi, inatengenezwa. Kila robo siku, kwa kila trela iliyo barabarani, ipe programu ichague nambari nasibu kati ya 0 na 1. Ikitoka chini ya 0.0125, trela hiyo imeharibika. Kwa ile iliyo mikononi mwa fundi, nambari ikiwa chini ya 0.05, imepona. Fundi akimaliza, anachukua iliyotangulia kwenye foleni. Programu yako karibu hakika ina uwezo wa nambari nasibu na wa kuorodhesha vitu kwa namba zao, kwa hiyo huenda usihitaji hata kuhama. Tahadhari moja: utakuta wengine wanachota idadi ya zilizoharibika kwa mtawanyo wa Poisson, yaani kanuni ya kukisia tukio nadra litatokea mara ngapi, isiyo na kikomo cha juu. Kwa vitu vingi ni sawa. Kwa vinne, Poisson yaweza kukwambia zimeharibika tatu wakati barabarani zipo mbili, ukabaki na trela hasi moja. Chota trela moja moja, au tumia mtawanyo wa binomia ambao hauwezi kuzidi idadi iliyopo.

Ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi, ambayo haina hatua za muda kabisa. Daniel Gillespie, mwanafizikia wa Marekani, aliieleza katika makala zake za 1976 na 1977, akishughulikia kemia yenye chembe chache. Ndani ya seli jeni fulani huwa na nakala moja au mbili tu, na kusema kuna nakala 1.3 ni upuuzi uleule wa trela 3.2. Yeye hakuuliza "robo siku hii kimetokea nini?" Aliuliza mambo mawili: tukio lijalo litatokea lini, na litakuwa tukio gani?

Tuifanye kwa mkono, kwa trela za mjomba na fundi mmoja. Siku ya sifuri zote nne ziko barabarani. Kasi ya kuharibika ni 4 kugawanya kwa 20, yaani 0.2 kwa siku. Nachota nambari nasibu, natoka na 0.62. Chukua logi asilia yake (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), ondoa alama ya hasi, gawanya kwa 0.2: unapata siku 2.4. Basi kufikia siku ya 2.4 trela ya kwanza imelala. Sasa kuna mambo mawili yanayoshindana. Tatu zilizobaki zaweza kuharibika kwa kasi ya 0.15, na fundi aweza kumaliza kwa kasi ya 0.2, jumla 0.35. Nachota 0.30, inanipa kungoja siku 3.4, yaani tuko karibu na siku ya 5.8. Ni tukio gani? Uwezekano wa kuwa ni matengenezo ni 0.2 kwa 0.35, kama 0.57. Nachota 0.71, imepita hiyo 0.57. Kwa hiyo si fundi aliyemaliza, bali trela ya pili imeharibika kabla ya ile ya kwanza kutoka. Barabarani zimebaki mbili. Kasi sasa ni 0.1 ya kuharibika na 0.2 ya kutengeneza, jumla 0.3. Nachota 0.45, nangoja siku 2.7, na chaguo la pili likaangukia matengenezo. Siku ya 8.5 ya kwanza inatoka gereji na fundi anaigusa ya pili kwa mara ya kwanza.

Umeona hizo siku 2.7? Trela nzima, na dereva na utingo wake, wamekaa bila mtu wa kuwashughulikia. Hapo ndipo fundi wa pili angefanya kazi. Modeli ya maji haina mahali pa kuziandika siku hizo.

Mjomba atakuuliza: kama ni bahati nasibu, si ni kubahatisha tu? Mjibu kwamba nasibu ya vitu vichache ina nidhamu yake. Mwanatakwimu Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha mwaka 1898 takwimu za askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika vikosi vikuu 10 kwa miaka 20 ni rekodi 200, vifo 122, wastani 0.61 kwa kikosi kwa mwaka. Hakuna kikosi kilichopoteza askari 0.61. Rekodi 109 hazikuwa na kifo, 65 zilikuwa na kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na 1 vinne. Hesabu ya Poisson, ikipewa ile 0.61 peke yake, inatabiri karibu 109, 66, 20, 4 na 1. Hakuna aliyejua ni askari gani atapigwa teke, lakini umbo zima lilijulikana. Modeli yako itampa mjomba umbo hilo: mwaka mzima siku ngapi za nne, ngapi za tatu, ngapi za mbili.

Kwa sababu hiyo usiiendeshe mara moja ukampelekea grafu moja. Mwaka mmoja wa kuigizwa waweza kuwa wa neema na mwingine wa balaa kwa takwimu zilezile. Endesha miaka elfu moja, kompyuta ndogo itamaliza upesi, kisha panga matokeo. Mwonyeshe mwaka wa katikati, na mwonyeshe pia ule mwaka mbaya unaotokea mara moja katika kila kumi. Unapolinganisha fundi mmoja na wawili, tumia mbegu ileile ya nambari nasibu (nambari ya kuanzia inayoamua mfululizo wote) kwa pande zote mbili, na kila trela iwe na mfululizo wake, ili tofauti utakayoiona itokane na fundi na si na bahati.

Je, modeli ya maji itupwe? La. Kwa trela nne zenye mafundi wa kutosha, mtikisiko wa kawaida ni trela 0.8 juu au chini ya 3.2, robo nzima. Kampuni yenye trela 400, wastani 320, mtikisiko ni 8 tu, asilimia 2.5. Hapo mstari ulionyooka ni picha ya kuaminika na ni rahisi kuufikiria. Na mara nyingi mfumo mmoja una vyote viwili. Nenda Likoni saa kumi na moja jioni: watu wanaoshuka kuelekea feri ni maelfu, waweza kuwaandika kama mto bila hofu. Feri zenyewe zinahesabika kwa vidole. Ukiandika mtu mmoja mmoja utachosha kompyuta bure, ukiandika feri 2.6 utakuwa hujaandika kitu, kwa sababu feri moja ikisimama foleni ya magari yabadilika saa hiyohiyo. Watu wawe mto, feri ziwe moja moja. Programu nyingi za siku hizi zinaruhusu mchanganyiko huo. Kama yako inakataa, na waijua lugha ya kompyuta ya Python kidogo, kifurushi chake cha SimPy ni cha bure: trela inakuwa mchakato, fundi anakuwa rasilimali yenye nafasi moja, na kumwongeza wa pili ni kubadilisha 1 iwe 2.

Kabla hujaweka data zako, ijaribu modeli mpya kwa 20 na 5 hizi, ukifuata mtawanyo wa eksponensha kama nilivyofanya hapo juu, yaani nafasi ya kuharibika au kupona ni ileile kila siku bila kujali muda uliopita. Ukipata wastani karibu na 2.76 kwa fundi mmoja na 3.16 kwa wawili, umeiunda sawasawa. Ukipata 3.2 kwa hali zote mbili, trela zako bado hazipangi foleni, na huko ndiko utafute kosa.

Halafu kaa na daftari la gereji. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote, maana laweza kugeuza jibu. Zile "siku 5 kwa wastani" zimeundwa na nini? Najua gereji: kazi nyingi ni za siku moja au mbili, breki, pancha, mkanda, kisha inakuja gia boksi inayokaa wiki tatu. Kama kila trela ingekuwa na fundi wake, wastani wa siku 5 ungetosha kwako, umbo lake lisingekuwa na maana. Kwa fundi mmoja umbo lina maana kubwa: gia boksi moja inazuia kazi zote ndogo zilizo nyuma yake, na hali inakuwa mbaya kuliko zile siku 53. Hapa ule mkato wa Gillespie haukufai tena, maana wenyewe unategemea eksponensha. Tumia kalenda ya matukio, ambapo trela ikiingia kwa fundi unachota muda wake kutoka daftari lenu halisi na kuandika tarehe ya kutoka.

Na katika hizo wiki tatu, fundi alikuwa chini ya gari, au alikuwa anangoja spea itoke Nairobi? Hayo ni mambo mawili tofauti na modeli yako sasa inaweza kuyatenganisha. Trela inayongoja spea haimshiki fundi. Aweza kuiacha na kushika nyingine. Ipe trela hali ya nne, inangoja spea, na hesabu siku zake peke yake. Ikiwa sehemu kubwa ya siku 5 ni kungoja spea, faida ya fundi wa pili itapungua sana, na pesa za mshahara wake huenda zikafaa zaidi kuweka spea chache za mara kwa mara kwenye stoo. Kwa mwaka mmoja trela nne na fundi mmoja zitakuwa zimekupa maharibiko kama 50. Si mengi, lakini yanatosha kuanzia. Kwa kila moja andika tarehe nne: ilipoharibika, fundi alipoigusa, spea ilipofika, ilipotoka. Nitumie hizo tukazitazame pamoja kabla hujakaa na mjomba.